Kuongeza Maji si Kutengeneza: Namna ya Kutafuta na Kuziba Uvujaji wa Maji ya Injini



Ukipita Mchikichini alfajiri, kabla soko la Karume halijachangamka, utawaona madereva wa kirikuu wakisubiri kupakia marobota ya mitumba. Wengi wao wana chupa kubwa ya maji nyuma ya kiti. Dereva anafungua mfuniko, anamimina maji, anafunga, kisha anawasha gari na kuanza siku. Ukimwuliza, "Vipi kaka, gari linakula maji?" atakujibu, "Kidogo tu. Si unajua gari la zamani tena!"

Jibu hilo limewafilisi watu wengi. Injini haili maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote, na maji yaliyomo huzunguka humo humo miezi mingi bila kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Maji yakipungua kila siku, kuna mahali yanatokea. Makala hii inaeleza namna ya kupatafuta mahali hapo na namna ya kupaziba kabla injini haijaharibika.

Tuchukue mfano

Dereva anaendesha kirikuu ya mtu mwingine na kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Gari limeanza kupunguza maji, nusu lita kwa siku. Dereva hasemi kitu, kwa sababu anajua ataambiwa gari lilikuwa zima alipokabidhiwa. Baada ya mwezi inakuwa lita moja. Siku moja mchana, gari limejaa mzigo na foleni ya Barabara ya Uhuru haisogei, injini inachemsha. Anasukuma hivyo hivyo mpaka Kariakoo, maana mzigo unasubiriwa. Jioni injini haiwaki vizuri na inatoa moshi mweupe. Hedi imepinda, na gasketi yake imeungua.

Kilichovuja tangu mwanzo kilikuwa mpira mmoja uliochakaa karibu na klipu. Mpira na klipu ni miongoni mwa spea za bei ndogo kuliko zote kwenye gari. Kufungua hedi, kuipeleka kusawazishwa, kununua gasketi na kulipa fundi ni gharama nyingine kabisa. Isitoshe, gari linalala gereji siku kadhaa. Siku hizo tajiri hapati hesabu, dereva hapati posho, na nyumbani watoto wanasubiri ada.

Maji yanafanya kazi gani?

Karibu theluthi moja ya nguvu ya mafuta yanayoungua ndani ya injini hugeuka kuwa joto ambalo ni lazima liondolewe na maji. Pampu husukuma maji yapite kwenye bloku na hedi, yachukue joto, yaende kwenye rejeta yakapoe, kisha yarudi. Themostati ni mlango mdogo unaofunguka maji yakifika joto fulani, mara nyingi kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi.

Mfuniko wa rejeta nao una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndani yake kuna springi inayozuia maji yasitoke mpaka presha ifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Kwenye magari ya Kijapani utakuta namba kama 0.9 au 1.1, au 88 au 108. Maji yaliyo wazi hapa Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa presha ya 0.9 huchemka karibu na nyuzi 118. Kwa hiyo mfuniko uliolegea unakunyang'anya nyuzi 18 za usalama, hata kama rejeta imejaa.

Tahadhari kabla ya kuanza

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla, maji yaliyokuwa yametulia huchemka mara moja na kukurukia usoni na kifuani. Subiri angalau nusu saa, kisha shika mpira wa juu wa rejeta. Kama bado ni wa moto au ni mgumu, endelea kusubiri.

Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Hatua ya kwanza: pima upotevu

Kabla ya kugusa spana, chukua daftari. Kila asubuhi injini ikiwa baridi, jaza maji mpaka kwenye alama ya kopo la akiba, na uandike umeongeza kiasi gani. Chupa ya nusu lita inatosha kuwa kipimo. Andika pia kama gari lilibeba mzigo mzito au lilikaa kwenye foleni. Fanya hivyo kwa siku nne au tano, lakini tu kama upotevu ni mdogo na gari halichemshi. Likichemsha, lisitembee mpaka litengenezwe.

Daftari litakuambia mengi. Kama maji yanapungua hata gari likilala, tafuta mpira, klipu au rejeta inayodondosha. Kama yanapungua gari likitembea tu, uvujaji unahitaji presha na joto ili uonekane. Kama yanapungua na huoni tone popote, shuku mfuniko, pampu au ndani ya injini.

Hatua ya pili: tazama kwa macho

Tandika boksi safi chini ya injini usiku. Asubuhi angalia kama kuna doa, liko upande gani na lina rangi gani. Kulanti huwa ya kijani, nyekundu, waridi au bluu, na huteleza kidogo ukiipikicha kwa vidole. Usiionje, kwa maana ni sumu.

Hapa watu wengi hujitia hofu bure. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na gari lenye kiyoyozi hudondosha maji safi chini likisimama. Maji hayo hayana rangi wala hayatelezi. Hiyo ni kawaida na si ugonjwa.

Kisha washa tochi na ukague sehemu hizi moja moja:

1. Mipira ya juu na ya chini ya rejeta, hasa chini ya klipu. Ibinye injini ikiwa baridi. Ukiona nyufa, uvimbe au ulaini kama ndizi iliyoiva sana, mpira umekwisha.

2. Rejeta. Nyingi za siku hizi zina mwili wa aluminiamu na matangi ya plastiki. Plastiki hiyo hupasuka kwa joto la miaka mingi, mara nyingi pale mpira wa juu unapoingia au pale plastiki inapoungana na aluminiamu.

3. Pampu ya maji. Chini yake kuna tundu dogo lililowekwa makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo. Usizibe tundu hilo kwa gundi. Linakuambia pampu ibadilishwe.

4. Mipira ya hita. Sisi wa pwani hatutumii hita, kwa hiyo tunaisahau, lakini maji hupita humo kila siku. Zulia la mbele likiwa limelowa, au kioo kikiingia ukungu wenye harufu tamu, hita ndiyo inayovuja.

5. Mabomba ya chuma. Kwenye magari ambayo injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele, kama zilivyo kirikuu nyingi, maji hupita kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Humo kutu hula polepole na hakuna anayeona.

6. Mfuniko wa rejeta. Mpira wake ukikauka au kupasuka, maji hutoka kama mvuke na hayaachi doa.

Mahali tone linapoangukia mara nyingi sipo maji yanapotokea. Upepo wa feni huyasukuma, na mengine hutambaa juu ya chuma mpaka yapate pa kudondokea. Fuata unyevu kwenda juu mpaka ufike sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Tafuta pia ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti, kwani hiyo ni alama ya maji yaliyovuja na kukauka. Kama injini ina mafuta na vumbi jingi, ioshe, ikauke, tembeza gari, kisha utazame upya.

Hatua ya tatu: pima kwa presha

Uvujaji mwingine haujitokezi mpaka mfumo uwe na presha. Fundi mzuri hutumia pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi na rejeta imejaa, anapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, bila kukizidisha, na kusubiri kama dakika 10. Mshale wa geji ukishuka, kuna tundu, na mara nyingi maji yataanza kuonekana yenyewe. Kifaa hicho hupima mfuniko pia.

Mafundi wengi wa mtaani hawana kifaa hiki. Si lazima kila mmoja awe na chake. Mafundi wa eneo moja wakichanga wanaweza kununua kimoja na kupokezana, kama wanavyoazimana winchi au jeki kubwa. Kifaa kimoja kinaweza kuwaepusha wateja wengi na kununua pampu au rejeta ambazo hazikuwa mbovu.

Hatua ya nne: chunguza ndani ya injini

Kama nje pamekauka kabisa na mfuniko ni mzima, maji huenda yanaingia ndani ya injini. Dalili zake ni hizi:

- Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa imepata joto. Mvuke kidogo wakati wa kuwasha asubuhi ni wa kawaida.
- Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia au chini ya mfuniko wa oili.
- Mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta injini ikiwashwa ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi.
- Mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto.
- Plagi moja kuwa safi kama imeoshwa, wakati nyingine zina rangi ya kawaida.

Dalili moja peke yake haitoshi kufungua injini. Ipo dawa ya maji ya rangi ya bluu inayopima kama moshi wa silinda unaingia kwenye rejeta. Kwa injini ya petroli, moshi ukiwemo rangi hugeuka kuwa njano. Mwombe fundi apime kabla hujakubali hedi ifunguliwe.

Namna ya kutengeneza

Mpira uliochakaa ubadilishwe. Usiukate na kuunga kwa kipande cha bomba, wala usiukaze kwa waya. Kabla ya kuingiza mpira mpya, safisha mdomo wa bomba mpaka kutu na ukoko vitoke. Klipu ikae mbele ya ule ukingo ulioinuka, na usiikaze mpaka ikakata mpira.

Rejeta ya zamani ya shaba huweza kulehemiwa na fundi rejeta. Ile yenye matangi ya plastiki ikipasuka, gundi itakufikisha nyumbani tu. Maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani huuza rejeta mpya na zilizotumika. Ukinunua iliyotumika, omba ipimwe kwa presha kabla hujalipa.

Pampu ya maji ibadilishwe pamoja na gasketi yake. Kama inaendeshwa na mkanda wa taimingi, badilisha na mkanda kama muda wake umekaribia, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vyembamba. Injini nyingi ndogo haziruhusu kupinda zaidi ya sehemu 5 hadi 10 za mia moja za milimita. Fuata kitabu cha injini yako. Ikizidi, ipelekwe kwenye mashine ikasawazishwe, na ichunguzwe kama ina ufa. Kuweka gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni kutupa fedha. Bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Njia za mkato zinazoua injini

Kutoa themostati. Utaambiwa, "Hapa ni nchi ya joto, hiyo haina kazi." Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini themostati huziba pia njia fupi inayokwepa rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupozwa, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Themostati mbovu ibadilishwe, isitupwe.

Kutia yai, manjano au unga kwenye rejeta. Pengine vitaziba tundu kwa muda, lakini huziba pia mirija myembamba ya rejeta na hita. Hata dawa za kuziba zinazouzwa madukani ni za kukufikisha gereji tu.

Kutumia maji ya kisima. Visima vingi vya jiji letu vina chumvi, na chumvi hula aluminiamu na kujenga ukoko. Tumia kulanti iliyo tayari, au changanya ile nzito na maji yaliyotoneshwa kama ilivyoandikwa kwenye chupa, mara nyingi nusu kwa nusu. Angalia usije ukauziwa maji makali ya betri, ambayo ni asidi. Kulanti hata kwenye joto la pwani ina faida, kwa kuwa huzuia kutu na huchelewa kuchemka kuliko maji matupu.

Kujaza upya na kutoa hewa

Kazi nyingi nzuri huharibika hapa. Hewa ikibaki ndani, injini huchemsha ingawa hakuna kinachovuja. Weka gari mahali ambapo pua yake imeinuka kidogo, fungua hita upande wa moto, jaza polepole huku ukibinya mipira. Kama injini ina bolti ya kutolea hewa, ifungue mpaka maji yatoke bila mapovu. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, endelea kuongeza mpaka mpira unaotoka kwenye themostati upate joto, kisha funga na usubiri feni iwake. Injini ikipoa kabisa, angalia tena kiwango. Rudi kwenye daftari lako kwa wiki moja. Kama hujaongeza hata kidogo, kazi imekamilika.

Gari likichemsha njiani

Zima kiyoyozi. Egesha mahali salama mara moja na uzime injini. Kama huwezi kusimama papo hapo, fungua hita yote upande wa moto; joto litakukera, lakini litaisaidia injini. Usimwagie injini maji baridi, kwani chuma cha moto kinaweza kupasuka. Dakika tano za kusukuma gari linalochemsha zaweza kugharimu zaidi ya mzigo wote uliobeba.

Usimwage ovyo

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto, mbwa na mbuzi. Kiasi kidogo kinaweza kuua figo. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Wala usiimwage mtaroni. Kinachoingia kwenye mitaro ya Mchikichini huenda bonde la Msimbazi na hatimaye baharini. Ikusanye kwenye dumu lenye alama, uifunge vizuri na uiweke mbali na watoto mpaka ipate wa kuipokea.

Neno kwa wenye magari, madereva na mafundi

Mwenye gari, dereva anayekuambia mapema kwamba maji yanapungua amekuokolea injini. Ukimkata posho kwa sababu hiyo, mwingine atanyamaza. Wekeni daftari la maji ndani ya gari na mlisome pamoja wakati wa kupokea hesabu.

Dereva, chupa ya nyuma ya kiti ni ya dharura. Ukiitumia siku mbili mfululizo, sema.

Fundi, mteja hakulipi kwa kubahatisha. Mwonyeshe mahali maji yanapotokea kabla hujamtuma dukani. Mafundi waliojifunza kazi chini ya mwembe bila kukaa darasani wanaweza pia kuulizia VETA, kama kituo chake cha Chang'ombe, juu ya utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiwe chetu, ni magari mangapi yanaongezwa maji kila asubuhi? Nani anajua yanakoenda?
2. Dereva akitoa taarifa ya ubovu, tajiri humpokeaje? Tungependa iweje?
3. Je, mafundi wa eneo letu wanaweza kuchanga wakanunua kifaa cha kupimia presha? Nani atakitunza?
4. Kulanti chakavu tunaimwaga wapi leo?